Damu Kwenye Sare ya Mama Job

Vijana wa mtaa wa Baba Dogo walimwita Patrobas Nalianya Baba Fua. Mwanamke anayezunguka na ndoo akiwafulia watu huitwa mama fua, wala hakuna anayecheka. Lakini mwanamume wa miaka thelathini na mitatu, kifua kipana, mikono kama ya mpakuzi wa saruji, kuishi kwa kufua makoti ya wauza nyama! Hilo liliwafurahisha sana.

"Niaje, Baba Fua! Leo umefua ng'ombe wangapi?"

"Watatu," angejibu bila kusimama, "na mbuzi mmoja mwenye kelele kama wewe."

Jioni vijana haohao walipanga foleni kwenye bucha, wakakatiwa robo kilo na mtu aliyevaa koti jeupe pe, na hakuna aliyejiuliza weupe ule ulitoka wapi. Mji huu una tabia hiyo: unamdharau anayeusafisha.

Kazi hiyo Patrobas alifundishwa na Mzee Mativo, aliyeifanya kabla yake kwenye ua ule ule ulio nyuma ya mabucha, mpaka mgongo ukakataa. Somo la kwanza halikuchukua dakika moja. "Damu ni kama yai," mzee alimwambia. "Ukiipika inashika. Maji baridi kwanza, baridi mpaka vidole vilalamike. Ukinisikia nimetaja maji moto, jua nataka chai."

Jumamosi moja ya Julai, saa nne asubuhi, simu ilimkuta akiwa ametumbukiza mikono kwenye karai. Alikuwa jirani yake Mukai, anapiga kelele kana kwamba simu haifanyi kazi. "Patrobas! Wacha hayo makoti! Lorine amejifungulia kwa ngazi!"

Lorine, mke wake, alikuwa na wiki mbili zaidi za kusubiri mtoto wao wa kwanza. Uchungu ulipomjia ghafla, alishuka kutoka ghorofa ya nne akielekea zahanati. Alifika ghorofa ya pili akashindwa kuendelea. Hapo ndipo alipokutana na Triza, mama yake Job, akipanda ngazi kutoka kwa fundi. Triza alikuwa amevaa sare mpya ya akina mama wa kanisa, nyeupe kuanzia kola hadi pindo. Alikuwa ameijaribu kwa fundi akashindwa kuivua kwa furaha. Akapiga magoti kwenye saruji na sare yake, akamwita Mukai kwa sauti alete leso na maji moto, akampokea mtoto. Alimfunga kwenye leso akamlaza kifuani pa mama yake, kitovu kikiwa bado hakijakatwa, na gari la jirani likawapeleka hospitali.

Patrobas alipofika wodini alimkuta Lorine ameketi, amechoka, anacheka. Mtoto wa kike alikuwa amelala na ngumi mbili zimefungwa kama mtu aliyekuja kudai haki yake. Patrobas alimtazama, akajikuta anapangusa macho kwa mkono uliokuwa bado unanuka sabuni.

"Muuguzi anasema bila Triza ningemwaga damu nyingi," Lorine alisema. "Patrobas, umeiona sare yake?"

"Sijaiona."

"Anaapishwa kesho kujiunga na akina mama wa kanisa. Miaka mitatu amengoja. Mwaka jana Mama Truphena, kiongozi wao, aliwarudisha wawili langoni mwa kanisa kwa sababu ya viatu vya rangi ya maziwa. Hapa tuko salama. Nenda ukaishughulikie ile nguo."

"Nikuache hapa?"

"Kwani utaninyonyeshea? Nenda."

Akaenda. Njia nzima alikuwa akijipa moyo: damu ya saa chache, kitambaa kipya cheupe, hiyo si kazi ya kumtisha mtu aliyefua makoti miaka minane. Lakini alipofika kwa Triza alimkuta ameketi kwenye kigoda mbele ya beseni, mikono mapajani, kama mtu aliye matangani. Mukai alikuwa amesimama kando, amejaa furaha.

"Baba mtoto! Hongera! Nguo nilikuwa nimeshaanza kukusaidia. Yale maji tuliyochemsha ya mtoto yalibaki sufuria nzima, nikaona yasipotee bure, nikayachemsha tena. Nimeiloweka."

Patrobas aliliangalia beseni. Mvuke ulikuwa bado unapanda.

"Maji moto, Mukai?"

"Moto kabisa!"

Aliipindua nguo. Damu iliyokuwa nyekundu imekuwa kahawia, imeiva kwenye uzi. Mukai alimtazama usoni na furaha ikamwisha. "Nimeharibu?"

Patrobas alikumbuka kwamba mwanamke huyu alikimbia ngazi na sufuria ya moto mikononi kwa ajili ya mke wake. "Hujaharibu," alisema. "Umenipa kazi tu."

"Shemeji, sema ukweli," Triza alisema polepole. "Kama haitatoka nijue. Mkuu wa kuapisha harudi mpaka mwaka ujao."

"Mama Job, sijui. Nipe mpaka kesho asubuhi."

Alimwaga maji yale, akaenda kwenye bomba la uani. Aliigeuza nguo nje ndani, akayaacha maji baridi yapite kutokea upande wa nyuma, ili damu irudi ilikotokea badala ya kuzama zaidi. Akailoweka kwenye maji ya chumvi. Akapaka sabuni ya kipande, akawa anabonyeza kwa kifundo cha kidole, habonyezi kwa hasira, maana ukisugua kwa nguvu unachana uzi na doa linabaki limekukodolea macho. Akasuuza. Akarudia. Akamtuma Mukai duka la dawa akalete ile dawa ya vidonda inayotoa povu.

"Ya vidonda? Nguo imeumia?"

"Imeumia. Na wewe ndiye uliyeipiga."

Mukai alicheka kwa mara ya kwanza tangu saa saba, akaondoka mbio.

Wale vijana walipita, wakaanza, "Baba Fua, hata leo umepata mtoto unafua tu?" Alikuwa anaangalia povu likichemka juu ya kahawia na kuiacha imepauka kidogo, kila mara kidogo tu. Siku zote alifua damu ya wanyama asiowajua. Hii ilikuwa ya Lorine. Kila aliposuuza alijua angeweza kuwa anafua nguo ya kumzikia, na asante ikamjaa, hana wa kumpa isipokuwa kitambaa kilichokuwa mkononi. Vidole vililalamika hadi vikafa ganzi. Jua la Julai halikutoka. Aliianika juu ya paa kwenye upepo, na asubuhi akaikausha kwa pasi, baada ya kuikagua mara tatu.

Sare ilikuwa nyeupe. Isipokuwa pale kwenye pindo, mahali goti lilipogusa saruji, palibaki kivuli chenye upana wa kiganja, rangi ya chai iliyozidi maziwa.

"Nimeshindwa na hapa," alimwambia Triza.

Triza aliivaa. Wakaenda kanisani pamoja, kwa sababu Patrobas alikuwa ameapa kusema mwenyewe ikibidi. Langoni Mama Truphena alikuwa akikagua mstari kama mwalimu wa zamu. Alifika kwa Triza, akatazama kola, akatazama mikono, macho yakashuka, yakasimama.

"Na hili?"

Patrobas alifungua mdomo. Triza akamtangulia.

"Ni damu, Mama. Mke wa huyu alijifungua kwenye ngazi jana. Imefuliwa tangu mchana ikakataa kuisha."

Mama Truphena alimgeukia Patrobas, akamkagua naye kuanzia kichwani. Macho yalitua kwenye mikono yake, imevimba, ngozi imechunika vidoleni.

"Mtoto gani?"

"Wa kike, Mama."

"Na mama yake?"

"Mzima. Nakwenda kumchukua sasa hivi."

"Basi unangoja nini hapa? Nenda." Akamgusa Triza begani. "Na wewe panga mstari mbele, wakuone."

Patrobas alikwenda hospitali kwa miguu. Kulikuwa na magari, lakini alitaka njia ndefu kidogo, kwa sababu kila hatua alikuwa akisema asante, na zilikuwa bado nyingi.