Jina ya Mutoto Tulizika

Ninyi batoto ba leo, munafika ku hospitali, munapeana jina, munakaa, munangoja. Munaona ni kitu kidogo. Sikilizeni.

Kwa kompani ya kuchimba mukuba, ile shaba, mufanyakazi alikuwa na numero. Chini ya ile numero baliandika muke mumoja na batoto ba kuzaa. Basi. Mutoto wa ndugu yako, hata akilala kwako, hata akikuita baba, kwa kompani hakuwa mutoto. Kwetu alikuwa mutoto. Ndugu ya bwana yangu alikufa, binti yake akakuya kuishi na siye. Kimo yake na ya binti yangu ilikuwa moja. Akigonjwa, tunabeba fishi ya wangu, ile karatasi ya hospitali yenye jina yake. Kambi yote ya bafanyakazi ilifanya vile, bila haya.

Surua ikamukamata ule wa ndugu. Akafia ku hospitali, na fishi ya wangu. Tukazika, tukalia. Fishi, hatukuifikiri. Mwisho wa mwezi posho ikapunguka, sehemu ya mutoto mumoja. Bwana yangu akabeba ile yenye ilibakia. Kuuliza ilikuwa kujifukuzisha kazi.

Mvua ilipoanza, wangu akashikwa na kifua. Nikamubeba ku mugongo mpaka ku dispanseri. Kalani, mwenye kuandika bagonjwa, akafungua fishi, akaangalia, akaangalia tena.

— Citoyenne, mama, huyu alikufa.

— Nani?

— Mutoto wako. Iko hapa, na muhuri.

— Kalani, mufu anakohoa?

Bamama ba ku mustari bakacheka. Yeye hakucheka.

— Mama, miye siwezi kuingiza mufu kwa munganga. Kuko mutoto mwingine kwenu?

— Si upeane mwingine, mama! mumoja akapiga kelele nyuma yangu. Unatuchelewesha!

Pumzi ya mutoto ilikuwa inakwaruza ku shingo yangu. Nikisema kweli, bwana anafukuzwa, nyumba ya kambi inakwenda. Nikirudi na yeye ku nyumba, anakufa. Mudomo ikafunguka, nikapeana jina ya ule tulizika. Hakukuwa mahali hata pamoja penye kompani iliiandika ile jina. Kalani akaandika: mutoto mupya.

Balimulaza. Asubuhi munganga akasimama ku mulango na shindano ya kuchoma dawa, akaita ile jina. Binti yangu, macho imefungwa, akaitika:

— Niko hapa.

Hakuna mwenye alikuwa amemufundisha.

Alipona. Lakini ku nyumba, ukimuita jina yake, kimya. Akakaa upande wa mukeka wenye dada yake alikuwa anakaa. Akaomba kopo ya ule mwingine, anasema "kopo yangu". Kaka zake bakaanza muchezo: "Weye mufu, leta maji!" Na yeye anasimama, analeta.

Ile siku nikabakusanya bote mbele ya bukari, ile ugali ya mangaribi, hata baba yao.

— Ile jina inabakia kule ku hospitali. Hapa mutamuita jina nilimupatia miye, asubuhi na mangaribi, mpaka aitike. Na ukimuita mufu, hautakula kwangu.