Msuli wa Ziwani

Dada yangu alikuwa amebakiza siku mbili aende kujaribiwa jikoni, kwenye hoteli moja ya Bukoba, na mwalimu wake wa Kiingereza nilikuwa mimi. Niliishia kidato cha pili, lakini nyumbani kwetu Ihanda hicho kilitosha. Tulikaa tunamenya ndizi, yeye ananisomea orodha ya vyakula aliyotumiwa kwa simu, mimi natafsiri.

Tukafika kwenye neno "mussel". Nikalitamka, nikasikia msuli.

"Ni nyama ya msuli," nikamwambia. "Ile ngumu ya mguuni. Sema utaichemsha sana."

Aliniamini. Hilo ndilo linaloniuma.

Alirudi Jumamosi. Tulipokuwa tunachambua dagaa ndipo akaeleza. Mpishi mkuu, mama mmoja wa Muleba, kwa wavuvi wa ziwani, alimuuliza mussel anaipikaje. Akajibu ataichemsha kwa saa mbili, na mfupa wake. Jiko zima likacheka. "Binti, wewe msuli uko kichwani," mama yule akamwambia. Arudi Jumatatu na jibu, akilikosa, basi.

Nikaenda kwa jirani yetu, katekista mstaafu, mwenye kamusi. Baada ya shikamoo alinisomea mwenyewe, polepole. Mussel ni kome: mnyama laini wa majini, mwenye makombe mawili yanayofunga kama kitabu. Jina limetoka kwenye Kilatini, lugha aliyoiimba misani utotoni, na maana yake ni panya mdogo. "Muscle", yaani msuli kwa Kiingereza, nayo imetoka hapohapo, kwa sababu ukikunja mkono ni kama panya anapita chini ya ngozi.

Nilirudi mbio. "Dada, hatukukosea sana. Ni ndugu hao."

"Kamwambie mpishi ni ndugu," akasema. Lakini alikunja mkono, akamtazama panya wake akipanda. Kisha akachokoa ungo wa dagaa, akatoa kombe dogo jeusi, yale tunayowatupiaga kuku.

"Huyu?"

"Huyo."

Jumatatu alipanda bodaboda hadi stendi, kombe amelifunga kwenye leso. Jioni alinisimulia kwa simu. Alilifungua mezani, akasema nyama ya humo ni laini, haichemshwi sana.

"Umelitoa wapi wewe, mtu wa migombani?" mama akauliza.

"Kwenye dagaa wenu. Mnatuuzia na mchanga."

Mama yule akaligeuzageuza lile kombe, akacheka, kisha akamwonyesha aproni zinapotundikwa.