Sifuri Nukta Nane

Siku ya thelathini na nane bila sigara, kifaa changu kilikataa kuwaka. Nasema thelathini na nane kwa sababu nilihesabu kwenye kalenda ya ukutani, nikahesabu tena kwa vidole, na mara zote mbili jibu lilikuwa hilo.

Kifaa chenyewe ni ile sigara ya umeme ambayo vijana wa mjini wanaiita vepu. Chini kuna mwili wenye kioo kidogo cha maandishi na betri ya kutoa na kurudisha, juu kuna tangi la maji yake, na ndani ya tangi kuna koili, kile kichwa chenye waya na pamba kinachochemsha maji hayo yawe mvuke. Aliniuzia dereva mmoja wa lori, pamoja na koili za akiba. Alisema ni nne. Nilizihesabu mbele yake zikatoka mbili, akapunguza bei bila kuniangalia usoni.

Nilikuwa nimevuta sigara miaka ishirini na mbili, na sikuacha kwa ajili ya afya, nisijisifu. Niliacha kwa ajili ya kazi. Mimi nanunua kuku wa kienyeji vijijini na kuwaleta mjini, na mtu anayekohoa hawezi kupatana bei. Kila ukifika kwenye neno la maana, kikohozi kinakudaka. Siku moja bibi mmoja alinitajia bei ya jogoo wake, bei ya kuanzia tu, ya kutishana. Nikakohoa mpaka kichwa kikainama. Yeye akaona nimeitikia, akamfunga jogoo miguu akanikabidhi. Jogoo mwenyewe alikuwa na jicho moja.

Mke wangu hakuipenda vepu. Alisema nimetoka kwenye moshi nimeingia kwenye mvuke, na kwamba baada ya mwezi mmoja niiache nayo. Nikaomba miezi sita. Tukavutana siku mbili tukakutana kwenye mitatu, na nikakubali haraka, maana nilikuwa nimejiandaa kukubali miwili.

Tatizo lilianza taratibu. Koili imeandikwa ubavuni sifuri nukta nane. Hizo ni omu, kipimo cha jinsi waya unavyoubania umeme njia, na kwenye kioo inatakiwa isomeke namba hiyo hiyo. Yangu ikaanza kusoma moja nukta tatu. Nikiigeuza mkononi, sifuri nukta tisa. Nikiiweka mezani, moja na nusu. Nimewahi kushughulika na wauzaji wasio na msimamo, lakini hii ilizidi. Mwisho kioo kikaandika kwamba hakioni koili. Nikatia koili ya akiba, hakioni. Nikatia ya pili, hakioni. Nikakaza kwa mkono, nikakaza kwa plaizi, na sasa hata zile namba za uongo zikapotea.

Hiyo ilikuwa asubuhi, na kesho yake nilikuwa na safari ya mnadani Issuna. Mnadani watu wanapatana wakiwa na sigara, wanawashiana sigara, bei ikigoma mtu anakupa sigara mpumzike kidogo. Nilijijua. Bila kile kifaa, saa nne ingenikuta na sigara mdomoni, na siku zangu thelathini na nane zingekuwa zimepotea bure.

Saa sita mchana nilikuwa mtaa wa Utemini, nimesimama mbele ya duka ambalo zamani nilinunulia sigara moja moja. Mwenye duka alinitazama muda.

"Nikupe moja, au unazihesabu kwanza?"

"Naangalia tu."

"Basi angalia. Kuangalia sijakupangia bei."

Mlango unaofuata kuna mama fundi. Anatengeneza redio, pasi na simu, na yuko kwenye kazi hiyo tangu enzi za watu kuanika betri juani ili zipate nguvu. Umri wake ni wa mama yangu. Hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Kwetu huvuti mbele ya mkubwa wako, na hata ukiwa na miaka arobaini na moja kama mimi, ukikutana naye sigara inakwenda nyuma ya mgongo kabla shikamoo haijatoka. Nina kovu kidoleni la siku niliyomsalimia baba mkwe wangu salamu ndefu. Kumwekea mama kama yule kifaa cha kuvutia mezani ilikuwa sawa na kumwomba kiberiti.

Nikakifunga kwenye kitambaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeleta nini?"

"Kuna kifaa hapa cha rafiki yangu."

Akafungua kitambaa, akakigeuza kwenye mwanga. "Cha kuvutia hiki. Rafiki yako ana umri gani?"

"Ni mtu mzima."

"Mzima wa kiasi gani?"

"Ana watoto." Nikajihesabia vidoleni, nikarudia, nisije nikamsahau mmoja. "Wanne."

Alitoa betri, akafungua tangi, akazipanga koili zangu tatu juu ya gazeti. Kisha akachukua mita yake ya kupimia umeme, akagusanisha ncha zake mbili zenyewe kwa zenyewe. Mita ikasoma sifuri nukta tatu.

"Hizo tatu ni za nyaya zangu," akasema. "Lazima nizitoe, nisije nikamsingizia mgonjwa."

Akaipima koili ya kwanza: moja nukta moja. Toa tatu, inabaki nane. Ya pili vile vile, na ya tatu pia. Nilitaka kumwomba arudie, nikaona tayari anarudia. Nilimheshimu kuanzia dakika hiyo.

"Koili zote ni nzima, na betri ina umeme," akasema. "Tatizo liko hapa katikati zinapokutana." Akamulika kwenye tundu la juu ya mwili, tangi linapofungwa, akapitisha ukucha kwenye nyuzi za skrubu, akaunusa. "Rafiki yako alipaka nini hapa?"

"Sijui, mama."

"Kiligoma ghafla au kidogo kidogo?"

"Hakuniambia."

"Alikaza kwa mkono au kwa chuma?"

"Hapo napo sikumuuliza."

Akavirudisha vitu vyangu kwenye kitambaa, kimoja kimoja, akakunja pembe nne. "Mlete mwenyewe. Mimi nikitia dawa bila kujua kilichopakwa, naweza nikakiua kabisa."

"Yuko mbali, mama. Issuna."

"Issuna si mbali. Mpigie simu, nitaongea naye."

Nikatoa simu, nikaishika. Hakukuwa na mtu wa kumpigia. Kupitia dirisha nilisikia mwenye duka jirani akimwashia mteja sigara, harufu ikaingia moja kwa moja hadi kwenye kiti changu, na mate yakanijaa mdomoni.

"Mama," nikasema, "rafiki ni mimi."

"Nilijua kwenye wale watoto wanne. Hakuna mtu anayehesabu watoto wa rafiki yake mara mbili." Akafungua tena kitambaa. "Haya. Ulipaka nini?"

Nikamweleza. Upepo wetu huu unaingiza vumbi hata kwenye sanduku lililofungwa, na nyuzi zilikuwa zinakwaruza nikifunga tangi. Nikafanya kama tunavyofanya kwa kufuli, mnyororo wa baiskeli, bawaba na cherehani: nikatia tone la mafuta ya alizeti, yale mabichi ya mashineni.

"Tone moja?"

"Mawili."

"Mara moja?"

"Kila Jumapili."

Akanitazama juu ya miwani. "Nenda nyumbani ukaiangalie sufuria ya kukaangia, pale ukingoni, ile njano isiyotoka hata kwa jivu. Ndiyo iliyo humu. Mafuta ya alizeti yakipata joto na hewa yanakuwa gundi, na umeme haupiti kwenye gundi. Nusu ya cherehani za mji huu zinaletwa hapa kwa ugonjwa huo huo. Halafu ulipoona haishiki, ukakaza."

"Kwa plaizi."

"Kama gurudumu la lori. Hii pini ya katikati ndiyo inayogusa koili, na wewe umeizamisha. Sasa hata nikiisafisha haifiki." Akainua tangi kwenye mwanga. "Ndani ya tangi hukutia mafuta?"

"Hapana, mama."

"Apa."

"Haki ya Mungu."

"Maana mafuta ukiyavuta yanakwenda kukaa kwenye mapafu, na hayo mimi sina spea zake. Niachie saa moja."

"Nusu saa, mama. Nina safari."

"Saa moja na robo."

Nikakubali. Katika maisha yangu ya kupatana sijawahi kukutana na mtu anayepanda pale unapomshusha, na sikutaka kujua angeishia wapi.

Alichovya pamba kwenye spiriti, akasugua nyuzi na pini, akatupa, akachukua nyingine. Nilihesabu pamba nne za njano na nyeusi. Niliporudia zikawa tano, mbili zilikuwa zimegandana. Akaacha pakauke. Kisha, betri ikiwa bado pembeni, akaichokonoa ile pini kwa kijiti cha meno, akaiinua pengine unene wa ukucha. Akatia koili moja ya akiba ambayo haikuwa imeonja joto, akajaza maji, akafunga tangi kwa vidole viwili mpaka liliposimama lenyewe. Hapo akatoa mkono, kama mtu aliyeshika kikaango cha moto.

"Likisimama, nawe simama."

Akarudisha betri. Kioo kikaandika sifuri nukta nane. Akakigeuza juu chini: sifuri nukta nane. Akafungua, akafunga upya: ile ile. Akanisukumia nifungue na kufunga mwenyewe, na mkono wangu wenye mazoea ya plaizi ukataka kuendelea, nikauzuia. Ile ile.

"Subiri dakika kumi pamba inywe maji. Ukiivuta kavu utaiunguza."

Nilisubiri kumi na mbili.

"Jaribu," akasema.

"Nitajaribu nyumbani, mama."

"Kitu hakitoki mezani kwangu bila kujaribiwa."

"Siwezi mbele yako."

Akafikiri. Hata yeye aliona kwamba hilo haliwezekani. "Basi zunguka nyuma ya nyumba. Ukisikia inachachatika kama kaango, usiendelee, rudi."

Nikazunguka. Nyuma kulikuwa na kamba ya nguo, choo cha bati, na kuku watatu ambao kwa mazoea niliwapangia bei. Nikageukia ukuta kama mwanafunzi mtoro, nikabonyeza, nikavuta. Ilitoa sauti laini, kama mtu anayepuliza chai. Mvuke ukaja, mnene, wa moto wake ule ule. Nilivuta mara nyingine, kisha nikaacha, kwa sababu sikuhitaji zaidi. Nilichokuwa nakihitaji ni kujua kwamba kesho nitakwenda Issuna nacho kikiwa mfukoni.

"Imewaka?" sauti yake ikatoka kwenye dirisha la nyuma.

"Imewaka, mama."

"Geuza mdomo upande wa pili basi, unanijazia chumba."

Nikageuka. Nikaona ndoo iliyopinduliwa nikaikalia. Nilikaa hapo muda mrefu kuliko ilivyostahili, sifanyi kitu, nawaangalia wale kuku wakichakura, mpaka mama fundi alipogonga dirisha akasema nisogee, kuna mteja anataka kwenda chooni na ananionea haya.