Filamu ya Rangi ya Khairiya

Hapa Kandara, Jidda, kama kuna mwanamke tuliyemwamini sote ni Khairiya mpiga picha. Mjane, mfupi, mdomo wake hauna breki. Kwa miaka kumi na tisa alipiga picha za sherehe zetu za wanawake kwa filamu nyeusi na nyeupe tu. Bibi harusi akiwa peke yake alimtilia filamu ya mia moja, ile inayotaka mwanga mwingi, uso ukatoka laini. Ukumbini alitia mia nne, maana wanawake wakishaanza kucheza hawamsubiri mtu. Zote alizisafisha mwenyewe, bafuni kwake, mlango kaufunga. Ndiyo maana tulivua mabaibui na kucheza mbele yake bila wasiwasi.

Mimi ndiye niliyemharibia. Nasema mwenyewe kabla sijasemewa.

Binti yangu Ibtihaji alipoolewa, nilimshonea gauni la kijani la usiku wa hina, limejaa nyuzi za dhahabu mpaka mabegani. Nikamwambia Khairiya nataka picha za rangi.

"Rangi siwezi kuisafisha nyumbani, Mama Ibtihaji," akasema. "Lazima iende studio, na studio ni wanaume watupu."

"Sema tu umezeeka, shoga. Rangi imekushinda."

Wageni waliokuwa wakinywa kahawa sebuleni kwangu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Nikaona nimemchoma, nikazidi. "Gauni lote hili litoke kama jivu? Filamu nitaipeleka mimi. Nitasimama hapo hapo kwenye mashine mpaka itoke picha ya mwisho."

"Wallahi utasimama?"

"Wallahi."

Akanunua filamu ya rangi.

Nilisimama wapi! Mtu wa studio aliniambia ningoje saa nzima, na ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka la vitambaa. Nikaenda kupapasa hariri na kupiga soga. Niliporudi, bahasha ilikuwa tayari, imefungwa vizuri.

Aliyezihesabu ni Mama Talali, mama wa mkwe wangu. Mkanda ulikuwa na picha thelathini na sita, kwenye bahasha zilikuwamo thelathini na tano. Akauinua mkanda dirishani, akaufuata kipande kwa kipande. Iliyokosekana ilikuwa ya binti yake Wajnati, msichana ambaye hata hajaposwa, anacheza, nywele zimemwagika mgongoni.

Nilikimbia studio. "Mashine imeila," wakanijibu, wala hawakuinua macho.

Khairiya akaitwa nyumbani kwa Mama Talali. Nami nilikuwapo, nimekaa karibu na birika.

"Picha ya mwanangu iko mfukoni mwa nani?" Mama Talali akamuuliza. "Tunakuvulia shela, kumbe unatupeleka kwa wanaume?"

Khairiya akanitazama. Hakunitaja. Alikuwa ananisubiri niseme mwenyewe, na maneno yenyewe hayakuwa mengi. Lakini ndoa ya mwanangu ilikuwa na wiki mbili tu, nikaogopa ugomvi wa wakwe. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Nikainua birika, nikawamiminia watu kahawa.

"Kosa ni langu," akasema Khairiya.

Toka siku hiyo hakuitwa tena. Miezi ikapita mitatu, jirani mmoja akamwonea huruma, akamwita kwenye harusi ya bintiye. Khairiya akaingia ukumbini na kamera yake, akasema kwa sauti kila mtu asikie, "Ni nyeusi na nyeupe. Nasafisha mwenyewe." Sijawahi kumsikia akiongea kwa unyonge vile, na nilitamani ardhi inimeze.

Alipoinua kamera, Mama Talali akavuta shela usoni. Aliyekuwa nyuma yake naye akavuta. Safu nzima ikajifunika, kisha ya pili. Khairiya akapita taratibu katikati ya meza mpaka akafika nilipokaa, ubavuni mwa Mama Talali.

"Na wewe, Mama Ibtihaji?" akaniuliza.

Nikajifunika.