Tyubu Moja, Bibi na Mjukuu

Miaka ya hamsini ikielekea mwisho, tulikuwa tukichuma pareto kwenye shamba la mzungu karibu na Molo. Mtoto wangu wa kwanza, msichana, alianza kujikuna kabla hajajua kutambaa. Ukurutu ulimshika kwenye mikunjo ya mikono na shingoni, akawa anajikwaruza mpaka damu. Nilikonda kwa wasiwasi.

Dresa mmoja, mfunga vidonda wa hospitali kule Nakuru, alinipa tyubu ndogo ya dawa mpya ya kupaka. Haikupita muda, ngozi ikatulia. Mama mkwe, aliyekuwa na ukurutu wake tangu usichana, alipoona hivyo akataka naye apakwe. Basi tyubu ikawa moja, bibi na mjukuu.

Sasa mama mkwe alikuwa na tiba ya kila kitu, na tiba yenyewe ilikuwa pareto. Kwake mwasho ni wadudu, na pale shambani nani hakujua kwamba pareto huua wadudu? Tyubu ilipokaribia kwisha, alisaga maua makavu, akachanganya unga wake na ile dawa, akajipaka, akampaka na mtoto. Niliporudi na kikapu mgongoni nilimkuta mwanangu amevimba uso, macho hayafunguki. Nilimfokea mama mkwe mbele ya majirani, jambo ambalo kwetu halifanywi. Mikono yake pia ilikuwa imevimba.

Nilimpeleka Nakuru, na yule dresa akamwosha, akasema uvimbe utapungua, kwani pareto huwasha hata wachumaji. Kisha akatoa tyubu nyingine. Nikaikataa.

"Hii yenyewe haina shida, mama."

"Hata nikimpaka mpaka awe mtu mzima? Haitamdhuru?"

Alikuwa mwepesi wa maneno, lakini hapo aliigeuzageuza kwanza ile tyubu mkononi.

"Mama, hii dawa ni ya juzi tu. Mtoto aliyepakwa tangu uchanga mpaka akawa mtu mzima bado hatujamwona. Paka kidogo kidogo, na ukiona ngozi imebadilika, rudi."

Nilimkasirikia. Nilitaka anidanganye. Mtoto, mapajani mwangu, alikuwa amerudi kujikwaruza shingoni, damu imemwingia kwenye kucha. Nikafungua ile tyubu, nikachukua dawa kwa ncha ya kidole, nikampaka mpaka akatulia. Huyo mtoto wa kwanza kukua nayo, ambaye bado hawajamwona, angekuwa wangu.