Orval Stallings Anunua Boti

Orval Stallings alikuwa na umri wa miaka sitini na mbili, na hakuwahi kumiliki boti hata siku moja, ingawa Jumamosi zilizompita bila kuvua zilikuwa za kuhesabika. Alivua ndani ya boti za watu. Siku za kazi alikuwa kwenye kiwanda cha kuku, huko kaskazini mwa Alabama, akining'iniza kuku hai kwenye kulabu zilizopita mbio mbele yake, hata bega lake la kulia likaota maumivu yasiyojua likizo. Jumamosi alikaa tezini, sehemu ya nyuma ya boti ya rafiki yake Coy Ledbetter, katika Ziwa Tallaweka, wakimtafuta besi, yule samaki wa mdomo mpana ambaye watu wa huko humpima, humpiga picha, kisha humrudisha majini.

Mwenye boti hukaa omo, kule mbele. Ndiye aongozaye, ndiye achaguaye ghuba, ndiye arushaye chambo kwanza. Aliyekaa nyuma hurusha pale ambapo wa mbele amekwisha kurusha, akaambulia samaki mvivu au mjinga. Orval aliambulia hivyo kwa miaka ishirini na sita, wala hakunung'unika. Alichangia mafuta, alileta sandwichi za soseji, alishika kamba gatini, na kila walipoagana alimshukuru Coy kwa kumchukua.

Kisha mama yake akafariki, shamba likauzwa, na Orval akagawana fedha na dada zake. Fungu lake lilikuwa dola elfu kumi na tisa. Nelda, mkewe, aliyekuwa mpishi wa shule, hakumzungusha.

"Nunua boti, mume wangu," alimwambia. "Ukiziweka, zitaishia kwenye paa na kwenye meno yangu."

Basi majira ya baridi yote Orval akawa mtu wa kuchagua boti. Mpya aliyoimudu ilikuwa moja tu, katika duka la kando ya barabara kuu: ya alumini, futi kumi na saba, injini ndogo, waranti ya miaka mitatu, na trela yake. Dola elfu kumi na nane na mia nne. Mama muuzaji alimpandisha, akamkalisha kiti cha mbele, akamwambia ukweli kwa upole kwamba siku ya upepo atayasikia mawimbi kidogo mgongoni. Orval alikaa pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kiti kilinuka plastiki mpya. Hakuna aliyewahi kukikalia.

Ya kutumika ilikuwa ya Coy mwenyewe. Macho ya Coy yalikuwa yakifa katikati: alikuwa akiuona ukingo wa uso wa mtu, pua haioni. Daktari alimkataza kuendesha chochote chenye injini. Mwezi Januari, wakinywa kahawa kwenye kituo cha mafuta, alimwambia Orval kwamba boti anaiuza, na yeye ndiye wa kwanza kuambiwa. Boti ya faiba, futi ishirini, injini ya nguvu za farasi mia mbili, inayokata ziwa kutoka gati hadi kwenye ukuta wa bwawa, mwisho wa ziwa, kabla kahawa haijapoa. Elfu kumi na moja, kwa sababu ni yeye. Watu wote wakachukulia kwamba jambo limekwisha. Hata mchungaji alimpa Orval mkono wa pongezi mlangoni mwa kanisa.

Lakini Orval alikuwa akijua jambo ambalo Coy halijui. Sakafu ya nyuma ilikuwa imeoza. Chini ya zulia mbao zilibonyea kama mkate wa mahindi uliomwagikiwa maziwa, na ule ubao mnene unaobeba injini ulikuwa na ufa. Coy, mtu wa omo, hakuwa na sababu ya kusimama nyuma. Orval ndiye aliyesimama pale kila Jumamosi, akiisikia chini ya soli za viatu vyake.

Wiki tatu alilala na neno hilo kooni. Kununua kimya kimya kungemaanisha kununua jeneza. Kukataa bila sababu kungekuwa tusi. Mwezi Februari, siku ya mchana mweupe usio na joto, alikwenda gereji kwa Coy, akamwambia.

"Imeoza vipi?" Coy aliuliza.

"Inabonyea. Na ubao wa injini una ufa. Ukiikanyagia mafuta, injini inacheza."

 Coy alipanda botini, akapiga magoti nyuma, akapapasa, maana macho hayakuwa ya kutegemewa. Kidole gumba kikazama. Alikaa hivyo, kidole kikiwa ndani.

"Umejua tangu lini?"

"Misimu mitatu."

"Misimu mitatu. Mimi naikimbiza maili sitini kwa saa, na wewe umekaa juu yake umenyamaza."

"Ilikuwa boti yako, Coy."

"Na roho yangu ilikuwa ya nani?"

 Ukweli ni kwamba Orval aliogopa. Boti ikienda kwa fundi, Jumamosi zingekwisha. Na mgeni anayetia ila mkeka wa mwenyeji haalikwi mara ya pili. Lakini hayo hayakutoka.

"Usiniambie ni adabu, bwana," Coy alisema, akijifuta kidole kwenye suruali. "Hiyo ni kumtazama mtu akizama huku umemshikia kofia yake."

Coy hakuwa mtu wa kumwuzia mwenzake kifo. Fundi wa faiba alipokuja akasema matengenezo yatapita bei ya boti yenyewe. Mwezi Machi mtu kutoka Georgia akanunua injini na trela, na ganda likabaki nyuma ya banda, limejaa majani ya misonobari. Coy akahamia ibada ya asubuhi na mapema, ambayo Orval hakuwa akihudhuria.

Orval akanunua ile mpya.

Siku ya kwanza ziwani, ilimzungusha kama kuku aliyekatwa kichwa. Mota ndogo ya umeme ya mbele huongozwa kwa mguu, na mguu wake haukuwa na elimu hiyo. Hilo lilimpita baada ya wiki chache. Lililobaki lilikuwa zito zaidi: hakujua pa kwenda. Ghuba zote alikuwa amezifikia mara mamia, lakini amezifikia akitazama nyuma, povu la injini likimkimbia. Hakuwahi kujiuliza kwa nini hapa wala kwa nini sasa. Alikuwa na hakika kwamba anajua kuvua. Sasa aliona kwamba anachojua ni kurusha.

Aprili hakupata kitu. Mei alipata wawili, wadogo. Juni aliingia mashindano ya klabu kama mwenye boti, akapangiwa kwa kura mtu wa kukaa nyuma, mwanamume mpole wa wilaya jirani aitwaye Dwight. Kila ghuba waliyoifikia walimkuta mwenye injini kubwa amekwisha kufika. Saa sita mchana Dwight akaomba kurudishwa gatini, akisema mgongo unamsumbua. Alimshukuru Orval kwa sauti ile ile ya unyenyekevu ambayo Orval alikuwa akimshukuru Coy, na sauti hiyo ikamchoma kuliko matusi.

Septemba alijikaza, akaenda kwa Coy. Alimkuta kibarazani, redio ikisoma habari za mpira wa shule.

"Njoo unionyeshe, Coy."

"Nikuonyeshe kwa macho gani?"

"Kwa yangu."

Coy aliongeza sauti ya redio, Orval akageuka kuondoka. Ndipo Coy aliposimama, akapapasa ukutani, akaitwaa kofia.

Orval alimkalisha omo. Coy akamwambia aelekee kaskazini mpaka mnara wa maji ufunikwe na ghala jekundu la kina Sizemore. Hapo chini kuna tuta la changarawe, na besi hulilalia mwezi huo.

"Halipo ghala," Orval alisema.

"Lipo. Jekundu."

"Wamelivunja mwaka huu. Kuna nyumba za watu wa mjini, tatu, zote nyeupe."

Coy akageuza uso upande, akitafuta kwa pembe ya jicho, akakosa. Akasema basi wahesabu misonobari kutoka mdomo wa kijito. Misonobari nayo ilikuwa imekatwa. Wakazunguka. Upepo wa kusini ukaamka, mawimbi yakaanza kuipiga ile alumini makofi, na maji yakamrukia Coy magotini. Alishika kingo mbili kwa mikono miwili. Walipopata utulivu kidogo alirusha mara moja, na chambo kikaning'inia juu ya mti. Orval akakifuata, akakichomoa.

"Nirudishe nyumbani, Orval," Coy alisema.

 Kibarazani Coy aliambaa ukuta mpaka kwenye kiti chake, akawasha redio. Novemba, kabla ya Sikukuu ya Shukrani, binti yake alikuja kumhamishia kwake, mjini Huntsville.

Orval aliirudisha boti dukani kuuliza wangeinunua kwa bei gani. Yule mama muuzaji alitazama saa ambazo injini imekwisha kufanya kazi, zilikuwa thelathini na moja tu, akasema zaidi ya elfu kumi na mbili hawezi, sasa si mpya tena. Orval akaikokota mpaka nyumbani.

Bado huenda ziwani. Huiteremsha majini, hujiegesha katika ghuba ya karibu na gati kwa kuwa ina kinga ya upepo, na huko hakuna aliyewahi kupata samaki wa maana. Bega likimruhusu hurusha. Saa sita hurudi. Nelda alikwisha kuacha kumwuliza amepata wangapi. Humwuliza tu kama kulikuwa na upepo, naye humjibu kwamba ulikuwepo, kidogo.