Kikapu cha Nabangala

Kwa miaka kumi na mmoja Nabangala hajalaza watoto wake njaa hata siku moja, na majirani wote wa Namuwongo wanajua. Kila alfajiri huchemsha maharagwe aliyoyaloweka tangu jana, nusu saa tu, moto mkali. Kisha huitia sufuria, ikiwa bado inatokota, ndani ya kikapu kikubwa kilichojaa sweta za sufi, zile zinazobaki chini ya robota la mitumba kwa sababu hakuna wa kuzinunua katika joto la Kampala. Hufunga mikono ya sweta juu ya kifuniko mafundo mawili, halafu huyoo, soko la Owino kwenye kibanda chake cha mitumba. Jioni maharagwe yameiva laini, yangali moto. Anasonga posho, yaani ugali, watu wanakula.

Wamalwa, mumewe, alikuwa akijisifu kwa mafundi wenzake gereji: "Mke wangu anapika akiwa hayupo!"

Basi akaja Nafuna, dada yake Wamalwa, kutoka Bungoma. Alisema ni wiki mbili za kusalimia. Siku ya tatu salamu zilikwisha.

"Kaka, hii nyumba haina moto kutwa nzima," alisema mbele ya watoto. "Paka amelala kwenye sigiri, juu ya majivu baridi. Paka! Mke gani huyu?"

Na jioni hiyo, la kushangaza, maharagwe yalikuwa magumu kama kokoto.

"Si nilisema?" Nafuna akasukuma sahani.

Wamalwa naye akasukuma yake. "Mama Byron, labda uache soko. Dada anaweza kukaa kwenye kibanda. Wewe ukae na watoto."

Nabangala alizikusanya sahani zote mbili. Kibanda hicho alikianza kwa shuka moja iliyotandikwa chini, mtoto wake Whitney akiwa mgongoni, mvua ikinyesha. Sasa apewe mtu aliyefika Jumapili na begi moja? Akakitazama kikapu pale pembeni. Mikono ya sweta ilifungwa fundo moja tu, tena limelegea.

"Wifi, nani amefungua kikapu changu?"

"Niliangalia tu kama kuna chakula kweli. Mara tatu. Nne hivi."

"Mara nne! Kila ukifunua, joto linatoka. Huo ndio moto wangu, wifi, umeumwaga nje mara nne, halafu unauliza kwa nini chakula hakijaiva!"

"Aa, sasa sweta ni moto?"

"Baba Byron, umesikia?"

Wamalwa alisikia. Akatazama simu yake. Mwanamume aliyekula kutoka kikapu hicho miaka kumi na mmoja, akanenepa kwacho, akaanza kusoma ujumbe wa zamani.

Asubuhi Nabangala alimwekea Nafuna mkononi kiberiti na ndoo ya makaa. "Wewe unayependa moto, huo hapo." Akajitwisha kikapu, sufuria ikitokota ndani, akaenda nacho Owino. Mchana akakifungua, akala na Moreen wa kibanda cha pili, wakaramba vidole. Yaliyobaki akawabebea watoto.

Aliporudi, Nafuna alikuwa bado amechuchumaa, macho mekundu, makaa ya siku nne yamekwisha, maharagwe bado yanagoma. Hakuwa ameyaloweka. Watoto walikula yale ya Owino. Wamalwa alikula posho na chumvi.

"Kikapu kiko wapi?" akauliza.

"Kibandani kwangu. Kitarudi siku anayekifunua atakapoondoka."

Alhamisi Nafuna alipanda basi. Habari ya kibanda haikutajwa tena.

Jioni ya Ijumaa kikapu kilikuwa nyumbani. Wamalwa alimaliza sahani, akasema chakula kitamu sana, Mama Byron, kitamu kweli. Nabangala alimwongezea, kwa sababu chakula hakina kosa. Kisha akachukua sahani yake, akaenda kula nje na watoto.